Marekani: Kanisa lililoanzishwa na wahamiaji, na mlango uliofungwa mbele ya Wakongomani

Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025, siku ile ile aliyoapishwa, rais Donald Trump alisimamisha programu ya Marekani ya kupokea wakimbizi. Hata watu waliokuwa tayari na tarehe ya ndege waliambiwa wangoje. Wakongomani ndio waliguswa wa kwanza. Katika mwaka wa hesabu uliomalizika mwezi wa tisa 2024, Kongo ndiyo iliongoza inchi zote: karibu watu 20,000 kati ya wakimbizi 100,000 hivi walioingia Marekani. Wengi wao walikuwa watu wa Kivu waliozeeka kambini, kule Nyarugusu ao Nakivale.

Kati ya mashirika yaliyokuwa yanapokea familia hizo uwanjani na kuwatafutia nyumba, kuna moja lenye mizizi ya Kilutheri, lililoanza mwaka wa 1939. Leo linaitwa Global Refuge. Wiki mbili kisha programu kusimamishwa, tajiri Elon Musk aliandika kwamba feza serikali inayopatia mashirika ya Kilutheri ni malipo haramu. Hakuonyesha ushahidi, na shirika lilikana. Hapo ndipo kanisa moja kubwa la Kilutheri, Sinodi ya Missouri, lilitoka kusema: shirika hilo si letu.

Hapa watu wengi wanashangaa, juu kanisa lenyewe lilianzishwa na wahamiaji.

Mwishoni mwa mwaka wa 1838, Wajerumani karibu 700 kutoka Saxony walipanda meli tano kuelekea Marekani. Meli moja, Amalia, ilipotea baharini na watu zaidi ya 50, haikuonekana tena. Hawakukimbia vita wala njaa. Walikimbia kanisa lililokuwa chini ya mkono wa serikali, ambalo kwa maoni yao lilikuwa limeacha imani ya Luther. Kiongozi wao alikuwa Martin Stephan, mchungaji wa Dresden, mtu wa kusikilizwa sana. Walimfanya askofu, na feza zao waliziweka katika kasha moja.

Walifika St. Louis mwanzoni mwa 1839, wakanunua mashamba huko Perry County, kandokando ya mto Mississippi. Haikupita hata nusu mwaka. Mwezi wa tano Stephan alishitakiwa juu ya wanawake na juu ya feza za watu. Wakristo wake walimweka ndani ya mtumbwi, wakamvusha ng'ambo ya mto, upande wa Illinois, wakamwacha huko.

Sasa walibaki na nini? Kasha lilikuwa karibu tupu, homa zilikuwa zinaua, na askofu hayuko. Wengine walianza kuuliza kama kuhama kwao kulikuwa zambi, na kama wao bado ni kanisa ao ni kundi tu la watu waliodanganywa. Mwezi wa nne 1841, katika kijiji cha Altenburg, mabishano hayo yalifanywa mbele ya watu wote. Mchungaji kijana C.F.W. Walther, ambaye hakuwa bado na miaka 30, alijibu kwamba kanisa haliko mikononi mwa askofu. Liko kwa waamini wenyewe, pale Neno linapohubiriwa na sakramenti zinapotolewa. Jibu hilo ndilo liliwaokoa. Mwaka wa 1847, kule Chicago, Sinodi iliundwa na Walther akawa rais wake wa kwanza. Mpaka leo, kwa sheria zake, kila parokia inajitawala na Sinodi inatoa shauri tu.

Ukisoma historia hiyo, unaelewa kwa nini watu wa Missouri wanaogopa kanisa kufungwa kamba na serikali. Kupokea wakimbizi kwa njia ya Global Refuge kulitegemea sana feza ya serikali. Serikali ilipofunga mfuko, mlango nao ulifungwa. Hofu yao ina msingi. Lakini kuna upande wa pili ambao hawawezi kuusahau kirahisi. Wakati wa vita kuu ya kwanza, wao wenyewe waliitwa wageni wa kuogopwa, juu walihubiri na kufundisha kwa Kijerumani. Mwaka wa 1917 Sinodi iliondoa neno « Kijerumani » katika jina lake. Kule Nebraska, mwalimu wa shule yao, Robert Meyer, alitozwa faini ya dola 25 kwa kumfundisha mtoto wa miaka 10 kusoma Kijerumani. Kesi ilipanda mpaka mahakama kuu ya inchi, na mwaka wa 1923 akashinda.

Leo Sinodi ina waamini chini ya milioni 2, wamepungua sana tangu miaka ya 1970. Seminari yake ya St. Louis inafundisha pia wachungaji waliotoka kwa wahamiaji wa sasa. Kwa hiyo Mkongomani aliyekwisha kufika anaweza kukuta parokia moja inamkaribisha kwa mikono miwili na nyingine haimjui. Hakuna amri ya juu inayoweza kulazimisha upande wowote.

Kwa wale wanaongoja kambini hali ni ngumu zaidi. Kwa mwaka ulioanza mwezi wa kumi 2025, Marekani iliweka kikomo cha wakimbizi 7,500 tu, na nafasi nyingi zilipangiwa wazungu wa Afrika Kusini. Hakuna kanisa, la Missouri ao lingine, lenye uwezo wa kufungua dosiye iliyosimamishwa. Tena kupelekwa Marekani kama mkimbizi hakulipiwi: mtu akikuja kwako na jina la Walutheri, akiomba dola ili jina lako lipande kwenye liste, huyo ni mwizi.