WANATAKA MAJINA YETU, HAWATAKI MANENO YETU

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama wa mtaa,

Mimi ni karani wa mgodi. Kazi yangu ni makaratasi, na ninajua namna karatasi inavyoweza kumwibia mtu nyumba yake mchana, macho wazi.

Mwaka huu mabwana wa ofisi moja walikuja mtaani kwetu. Wanataka kutengeneza mtaa upya: barabara, mifereji, bomba za maji. Vema! Nani atakataa maji? Wakaita mkutano siku ya kazi, saa nne asubuhi, wanaume wako mgodini, wamama wako sokoni. Walifika wazee 12. Wakasomewa Kifaransa, wakanyweshwa soda, wakaandika majina kwenye karatasi isiyo na kichwa. Juma lililofuata niliiona karatasi ile. Juu imepigwa mashine: "Wenyeji wamekubali." Siku ya tatu nyumba 40 zikapakwa alama nyekundu.

Kumbe kuhudhuria ni kukubali? Basi anayekwenda kilioni amekubali kufa!

Desturi hii ni ya zamani. Katika kambi za Union Minière, changa-changa ndiye aliyetawala nyumba. Nyumba ilikuwa ya kazi, si ya mtu. Desemba 1957 wenyeji wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville walipewa kura ya komini. Lakini burugumesta wa kwanza, mkubwa wa mji mzima, aliwekwa na Serikali. Watu walichagua wa kusema, si wa kukata shauri. Wabelgiji wamekwenda, changa-changa amebaki, amebadili koti tu.

Wanasema hatujui ramani. Ni kweli. Lakini injinia amechora mfereji mahali pakavu, na mama anayeuza makala pale njiani angemwonyesha kwa kidole mahali maji ya Januari yanapopita. Hakuna aliyemwuliza.

Tunataka mkutano Jumapili baada ya Misa, kwa Kiswahili. Ramani ibandikwe bombani majuma mawili. Kila njia ichague watu wawili, mmoja awe mwanamke, na wapangaji wapige kura pia, maana wenye nyumba wengine (tunawajua) wamekwisha kuahidiwa kitu. Na nyumba isivunjwe kabla mtu hajapata nyingine.

Mpaka siku ile, ndugu, mtu akikuletea orodha, tazama kichwa chake. Kikiwa kitupu, usiandike jina.