Amoksi kwa kila kikohozi? Ifakara ilishatupa jibu!

Wadau, leo mnivumilie, nina hasira kidogo.

Kila Novemba, ikifika ile wiki ya dunia ya kuhamasisha kuhusu usugu wa dawa, sisi waandishi tunapewa habari ileile: wananchi wanajinunulia dawa kiholela, akina mama hawamalizishi watoto dozi, wenye maduka ya dawa wana tamaa. Tunaiandika, inatoka, basi. Hakuna anayeuliza swali moja dogo: ile amoksi kwenye cheti cha mtoto mwenye mafua ameiandika nani? Si mama yake. Kaiandika tabibu, na mwongozo wa matibabu upo palepale ofisini kwake.

Twende Ifakara, kwenye ile taasisi ya utafiti iliyoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya Waswisi. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na hapo Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Malaria, ambayo Bonde la Kilombero tumezoea kuitupia kila homa, ilikutwa kwa watoto kama 10 tu katika kila 100. Zaidi ya 60 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na katika maambukizi hayo ni asilimia 5 tu yaliyothibitika kwa X-ray kuwa nimonia. Kwa jumla, watoto 70 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Na virusi hata uvimwagie ndoo nzima ya amoksi havishtuki!

Msinielewe vibaya, mwongozo si adui. Ule wa WHO na UNICEF, ulioingia nchini miaka ya 1990, unasema wazi: hesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, fikiria nimonia. Kama hazifiki, kifua hakibonyei ndani na hakuna dalili ya hatari, hicho ni kikohozi au mafua. Antibaiotiki ya nini?

Sasa jiweke kwenye kiti cha tabibu wa zahanati. Uko peke yako, foleni imefika nje, mtoto analia, na unatakiwa kuhesabu pumzi dakika nzima. Mama ametoka mbali, anategemea kurudi na dawa. Kipimo cha malaria kimesema hakuna kitu. Utaandika nini? Vipimo vya haraka vya malaria vilipoingia, tulijisifu kwamba dawa za malaria hazitolewi tena ovyo. Ni kweli. Lakini tafiti za Dar na nchi nyingine zikaonyesha upande wa pili: malaria isipoonekana, mkono unahamia kwenye antibaiotiki.

Kwa hiyo tatizo si ujinga. Mwongozo wa kwenye karatasi hauongei pale tabibu anapoandika cheti.

Na dawa yake imeshajaribiwa nyumbani. Mwaka 2021 hadi 2022, Taasisi ya Afya Ifakara, NIMR Mbeya na wenzao wa Uswisi walichukua vituo 40 vya mikoa ya Morogoro na Mbeya. Nusu viliendelea kama kawaida. Nusu vilipewa kishikwambi chenye mwongozo unaomuuliza tabibu swali moja baada ya jingine, kipima oksijeni cha kidoleni, vipimo vya tone la damu, mafunzo na usimamizi. Watoto walihudumiwa zaidi ya mara 44,000. Kwenye vituo vya kawaida, watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa antibaiotiki. Kwenye vile vya kishikwambi, 23! Na ambao hawakupona ndani ya siku 7 hawakuwa wengi zaidi.

Watasema hela hakuna. Jamani! Sensa ya 2022 tulinunua vishikwambi nchi nzima, kisha vikaenda kwa walimu. Kuhesabu watu tuliweza, kuhesabu pumzi za watoto wao tunashindwa?

Mradi una mwisho, mafua hayana. Amoksi tunayoimwaga kwenye mafua leo ndiyo itakayokosa makali kwa mtoto mwenye nimonia ya kweli kesho. Na ukiwa Mlimba wakati wa masika, Muhimbili huikimbilii.

Basi Novemba ijayo, mkubwa akipanda jukwaani kumlaumu mama wa Mang'ula, mimi nitanyoosha mkono nimuulize: mheshimiwa, katika bajeti ya halmashauri, vishikwambi vya zahanati viko kifungu gani? Nanyi wadau muulizeni diwani wenu.

Nawasilisha.