Mwaka wa Kwanza wa Baiskeli ya Mbio



Tangu mwezi wa Septemba 2025, yalipofanywa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani katika mji wa Kigali, nayo ndiyo mara ya kwanza kufanywa katika bara la Afrika, vijana wa mitaani kwetu wameingiwa na hamu mpya. Baiskeli si kitu kigeni hapa Unguja. Ndiyo iliyobeba mikungu ya ndizi na matenga ya samaki tangu zama za babu zetu, na watoto wengi wa shamba huijua kabla ya kujua kusoma. Lakini hii wanayoitamani sasa ni nyingine: nyepesi, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, tairi lake halizidi upana wa vidole viwili, wala haina keria ya kupakia hata kikapu. Wazazi huuliza, ina faida gani baiskeli isiyobeba kitu? Swali hilo ni la haki. Nami nina mwaka mmoja sasa tangu nilipoanza kujifunza kuiendesha, hali umri wangu umekwisha kupita miaka 40 na tabibu amenionya juu ya presha ya damu. Basi nitaeleza niliyoyaona, ili mzazi na kijana wapate la kuzungumza wao kwa wao.

Aliyezoea baiskeli ya kawaida hudhani kuwa anajua kila kitu, na kwamba kilichobaki ni kuongeza nguvu za miguu. Sivyo. Katika mwezi wa kwanza viganja, shingo na kiuno huuma kuliko miguu, kwa kuwa mwili umeinamishwa kwa namna ambayo haujapata kukaa. Dawa yake si uvumilivu bali ni vipimo. Fundi wa mtaani kwetu, mzee aliyefanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30, alinikalisha juu ya kiti, akaniambia niweke kisigino juu ya pedeli ilipo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Kisha nikiweka sehemu ya mbele ya wayo mahali pake, goti libaki na mkunjo mdogo. Akapandisha kiti kiasi cha vidole vitatu, na maumivu ya goti yakaondoka wiki ile ile.

Tena kuna khabari ya gia. Mwanafunzi hupenda gia nzito, kwa kuwa kila mzunguko humpeleka mbali, akawa anazungusha mara 50 au 60 kwa dakika huku magoti yakimlilia. Waliozoea huzungusha mara 80 au 90 kwa gia nyepesi, na mwendo wao ni ule ule. Kazi iliyokuwa ya misuli ya paja wameipeleka kwenye moyo na mapafu, ambavyo havichoki upesi kama paja.

Na yako mambo ambayo mtu huyafanya maisha yake yote bila ya kuyajua. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, kabla ya kurusha ndege yao mwaka 1903, walikuwa na duka la baiskeli katika mji wa Dayton, Ohio. Wilbur alikuwa akiwauliza waendeshaji: ukitaka kupinda kushoto, hufanyaje? Asimpate hata mmoja aliyejibu sawasawa mara ya kwanza. Kwa hakika jambo lenyewe ni la ajabu: usukani hupelekwa kidogo upande wa kulia kwanza, magurudumu yakatoka chini ya mwili, mwili ukalalia kushoto, ndipo baiskeli ikapinda. Katika mwendo wa sokoni huna haja ya kulijua hilo. Katika mwendo mkali yafaa kulijua, kwani penye kona ya ghafla anayelijua huisukuma mbele ncha ya kushoto ya usukani kwa makusudi, naye akapinda. Asiyelijua hukazana kupigana na usukani, akaishia majanini.

Lakini somo kubwa la mwaka wangu halikuwa la miguu wala la kona. Lilikuwa ni la upepo. Sisi watu wa visiwani tumerithi elimu ya pepo kutoka kwa manahodha: kaskazi, ivumayo toka kaskazini mashariki kiasi cha Disemba hata Machi, na kusi, ivumayo toka kusini kiasi cha Mei hata Septemba. Majahazi ya Ghuba na ya Bara Hindi yalikuja kwa ile na kurejea kwa hii. Sikudhani kuwa elimu hiyo ingenifaa juu ya lami. Kumbe mtu akifika mwendo wa kilomita 30 kwa saa katika barabara tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zake hutumika kupasua hewa. Na hewa ina hesabu kali: atakaye kuzidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kuipasua yataka izidi mara nane.

Basi ukitoka mjini mwezi wa Julai kwenda Nungwi, kwa njia ya Mahonda na Kinyasini, kusi iko mgongoni mwako. Baiskeli yaenda kama yenye injini, na kijana hujiona shujaa mbele ya wenzake. Hafahamu kuwa nusu ya ushujaa ule ni wa upepo, na deni lake litadaiwa wakati wa kurudi, jua limepanda na upepo umezidi. Mwezi wa Januari mambo hugeuka: kwenda ni kazi, kurudi ni raha. Mimi huipenda safari ya Januari kuliko ya Julai, maana ni bora kulipa kwanza. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 100 kwenda na kurudi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikifika Bububu, mwendo wa kiasi cha kilomita 10, nikakaa chini ya mwembe kama msafiri aliyetoka mbali. Mwezi wa kumi na moja nilifika Nungwi, nikarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Miguu yangu haikuzidi sana. Kilichozidi ni kujua lini nitumie nguvu na lini niziweke.

Chakula nacho kina hesabu yake. Sukari ambayo mwili huiweka akiba katika misuli na ini yatosha kazi ngumu ya kiasi cha saa moja na nusu au mbili, kisha huisha. Miongoni mwa vijana tuendao nao yuko mmoja, mchezaji mpira hodari, aliyetoka siku moja bila ya kula, akawacheka waliotia tende mifukoni. Tulipokuwa twarudi kutoka Chwaka, mara tu ya kupita Dunga, jasho lake likawa la baridi, usukani ukaanza kuyumba, akashuka akakaa ukingoni asiweze kusema. Tende zile zile alizozicheka, pamoja na chai ya tangawizi kutoka kibanda cha jirani, zilimsimamisha baada ya nusu saa. Mzazi na alijue hili, kwa kuwa kijana mwenye kizunguzungu huanguka upande wowote, na upande mmoja una magari. Ndiyo sababu katika mwezi wa Ramadhani hatukutoka alfajiri kama dasturi yetu. Tulitoka saa moja tu kabla ya magharibi, kwa gia nyepesi na mwendo mfupi, tukafika majumbani futari ikiwa mezani.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nipende mchezo huu. Anayemfuata mwenzake kwa karibu, gurudumu nyuma ya gurudumu, hukingwa na upepo, akapunguziwa kazi kiasi cha robo au hata theluthi. Kwa hivyo watu wanane wakipanga mstari na kupokezana zamu ya mbele, huenda mwendo ambao hakuna mmoja wao awezaye kuufika peke yake. Walakini aliye nyuma haioni barabara. Aonacho ni mgongo wa mwenzake. Shimo akilifikia hana nafasi ya kulikwepa, illa wa mbele awe amemwonyesha kwa mkono, na kila mmoja akampokeza wa nyuma yake. Gari likija nyuma, wa mwisho hupiga ukelele, na neno hupita mbele. Macho ya mtu mmoja yamekuwa ni amana ya watu saba. Tulikuwa na kijana mwenye nguvu kutushinda sote, lakini akifika mbele huongeza mwendo ili asifiwe, na akichoka hushika breki bila ya kutoa ishara. Aliambiwa mara mbili, ya tatu akaombwa aende peke yake. Na yuko mwalimu wa skuli, mtu mzima kuniliko, mwendo wake wa wastani, ambaye kila mtu hugombania kukaa nyuma yake, kwa kuwa mstari wake haupindi na mkono wake hausahau shimo.

Mume wa dada yangu hataki hata kulisikia jambo hili. Miaka iliyopita nduguye aligongwa na lori wakati wa magharibi, akirudi kazini kwa baiskeli, akafa pale pale. Mwanawe, mpwa wangu wa miaka 16, amekuwa akimwomba ruhusa ya kufuatana nasi. Shemeji akaniambia: "Baiskeli haina mlango, Bwana. Gari likikugusa hakuna kinachokukinga ila shati lako." Sina jibu la kuipinga hoja hiyo, kwa kuwa ni kweli tupu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa barabara za dunia huua watu 1,190,000 kwa mwaka, na likaeleza kuwa ajali hizo ndizo za kwanza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hata 29.

Nilichomwambia shemeji ni kingine: kijana wako yumo barabarani tayari. Kila siku huenda skuli kwa baiskeli kuukuu isiyo na taa, breki yake ya mbele imekatika, na hakuna aliyemfundisha kuwa breki hiyo ya mbele ndiyo isimamishayo hasa, maana uzito wote hukimbilia mbele. Wala kuwa mvua za kwanza za vuli huchanganyika na mafuta yaliyoganda juu ya lami, ikawa utelezi kuliko siku ya mvua kubwa. Khatari unayoikhofu hujamwepusha nayo. Umemwachia aende nayo peke yake. Alinyamaza siku nyingi. Kisha akaja na masharti yake: kofia ngumu, taa mbele na nyuma hata mchana, wazee wawili katika safari, na mwisho uwe ni Mwera. Tumeyakubali yote. Nungwi hajamruhusu, wala sijamwomba.

Na nyinyi wasomaji wenye magari, neno letu kwenu ni fupi: mkimpita mwenye baiskeli mwachieni mita moja na nusu. Hayumbi kwa ulevi. Anakwepa shimo msiloliona.

Wako wanaoniuliza khabari ya mabinti. Wasichana wengi wa hapa kwetu huenda skuli kwa baiskeli, wala sioni kwamba wembamba wa tairi wabadilisha kitu. Wanaotaka mfano watazame Fariba na Yulduz Hashimi, ndugu wawili wa mkoa wa Faryab huko Afghanistan. Mwaka 2017 waliingia mashindano ya mji wao kwa majina yasiyo yao na nguo pana za kuwaficha, kwa baiskeli ya kuazima, baada ya kujifunza kwa muda mfupi mno, wakatoka wa kwanza na wa pili. Walipofahamika walirushiwa mawe barabarani. Mwaka 2021 walihamia Italia, na mwaka 2024 wote wawili walikimbia katika mashindano ya Olimpiki ya Paris wakiwa wamevaa rangi za nchi yao. Mwalimu niliyemtaja ana binti wa miaka 14, naye huja na baba yake kila Jumapili. Mkono wake una adabu ya ishara kuliko wa vijana wengi wa kiume.

Limebaki suala la fedha. Baiskeli mpya ya namna hii ni ghali, na haifai kumtia baba katika deni kwa ajili yake. Nzuri zilizokwisha kutumika hupatikana. Kagua kwanza fremu pale mirija inapounganika, kwa kidole na kwa macho, kama ina ufa hata mwembamba wa unywele. Ikiwa nao, iache hata ukipewa bure. Zungusha magurudumu utazame kama yanapepesuka. Tairi, cheni na breki si kitu, hivyo hubadilishwa. Kisha mwombe mwenyewe akuache uipande dakika 20, ukiwa na kipimo cha kiti chako, si chake.