Mafuta ya kuoshea spea yabaki gereji

Mzazi, kama mumeo au kijana wako ni fundi gereji, leo angalia chini ya kitanda na nyuma ya mlango. Je, kuna chupa ya maji ya kunywa iliyotiwa petroli au mafuta ya taa ya kuoshea spea? Kama ipo, iondoe kwanza, kisha rudi uendelee kusoma.

Sipingi mafuta hayo kutumika tena. Fundi akiyaacha yatulie usiku kucha, uchafu hushuka chini naye humimina yaliyo safi. Viwandani huyachemsha ndani ya mtambo uliofungwa, mvuke wake ukapozwa na kurudi kuwa kimiminika safi. Hilo usilijaribu kamwe nyumbani, kwani mvuke huo hulipuka. Lakini kuyatumia tena ni bora kuliko kuyamwaga mtaroni. Ninachopinga ni kuyabeba kwenda nayo nyumbani kwenye chupa ya maji.

Mafuta yaliyotulia, kwa macho ya mtoto wa miaka miwili, ni maji au soda. Akiyanywa, hatari kubwa iko kwenye mapafu: kiasi kidogo tu kikipita njia ya hewa huweza kuleta nimonia kali. Ndiyo maana usimtapishe, wala usimpe maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, kisha mpeleke hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima. Nenda na chupa hiyo.

Nawe fundi, petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Benzini haishuki chini pamoja na uchafu, wala kitambaa hakiichuji. Kila unapoirudia petroli ileile kwa mikono mitupu, unaivuta puani na kuipitisha kwenye ngozi. Iache. Penye uwezekano tumia maji na sabuni ya kuondolea grisi, vaa glavu, na fanyia kazi hiyo mahali penye hewa.

Mtoto akinywa mafuta, majirani humlaumu mama. Mimi nasema tuanze na mwenye gereji. Anunue beseni lenye mfuniko na kidumu kilichoandikwa wazi "SUMU", vyote vifungiwe kazini jioni. Gharama yake ni ndogo kuliko kitanda kimoja cha wodi ya watoto.