Neno "Beshte" Lisikatwe Bila Maelezo

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wapya asili ya neno "beshte", nao huona haya kunijibu kana kwamba nimetamka tusi. Haya hiyo waliitoa shuleni, ambako neno hilo hukatwa kwa wino mwekundu pasi na maelezo.

Ni kweli kwamba mahali pake si katika insha rasmi. Hata hivyo, lina mafunzo tele. Wasemaji wa Sheng walilitwaa neno la Kiingereza "best", wakageuza sauti s kuwa sh, wakatia irabu mwishoni kama Kiswahili kipendavyo, kisha wakaunda wingi: mabeshte. Kivumishi cha kigeni kikawa nomino ya mapenzi, yaani mwandani.

Je, "rafiki" na "sahibu" nayo hayakutoka katika Kiarabu? Umri ndio uliyapa heshima.

Walimu wenzangu, isimujamii imo katika mafunzo ya shule za upili. Basi tumwonyeshe mwanafunzi ni wapi aseme beshte na ni wapi aandike rafiki. Akatiwaye neno bila sababu atakiona Kiswahili kuwa lugha ya adhabu, naye atakihama.