Bukavu: Somo la mazingira lisibaki ubaoni huku taka zikizima umeme

BUKAVU – Mwaka wa shule na mvua za Kivu huanza mwezi mmoja, Septemba. Siku ambazo mwalimu anaandika ubaoni maana ya ekosistemu, maji ya mvua yanateremka kwa nguvu kwenye mitaro ya Kadutu yakibeba chupa, nguo kuukuu na mifuko ya plastiki, ile ambayo kila mtu mjini huiita sashe. Mwanafunzi anaandika kwenye daftari kwamba ekosistemu ni viumbe hai pamoja na mahali vinapoishi. Anakariri kwa Kifaransa, anapata pointi zake. Jioni anafika nyumbani, anakuta umeme umekatika. Hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo mawili ni somo moja.

Kila mara taka zinapojaa ziwani, husikika maneno yaleyale: watu wa Bukavu hawana elimu ya mazingira. Maneno hayo yana nusu ya ukweli. Elimu inakosekana, ila si ile inayodhaniwa. Mama anayefagia mbele ya duka lake kila asubuhi anajua vizuri kwamba uchafu ni mbaya. Asichofundishwa ni njia ambayo uchafu huo unapita na jinsi unavyomrudia. Tena hajapewa mahali pengine pa kuutupa.

Safari ya sashe moja

Mji wa Bukavu umekaa juu ya vilima, na ziwa liko chini yake. Kwa hiyo kila kinachotupwa juu kina siku yake ya kuteremka. Sashe inayotupwa leo kwenye bonde la Kadutu inangoja mvua. Mvua ikinyesha, inaingia mtaroni, kutoka mtaroni inaingia mto Kahwa, na mto Kahwa unaimwaga ziwani.

Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni mto Ruzizi, unaoanzia hapohapo Bukavu. Karibu na mlango huo kuna bwawa la Ruzizi I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lenye uwezo wa karibu megawati 30. Kinachoelea ziwani huvutwa na maji kuelekea huko. Taka zinajikusanya mbele ya bwawa, zinaziba njia ya maji, na mashine za kuzalisha umeme zinasimama. Wafanyakazi huziondoa kwa mashua na kwa mikono, na wapiga mbizi huteremka chini ya maji kutoa zile zilizokwama. Wakimaliza, mvua nyingine inaleta nyingine.

Safari haikomei hapo. Umeme ukikosekana, familia inarudi kwenye makala. Bei ya gunia inapanda, na sehemu ya makala hayo inatoka kwenye miti iliyokatwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1970, ikaandikwa na UNESCO kama urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ndiyo makao ya sokwe wakubwa wa mashariki mwa Kongo. Miti inapokatwa, udongo wa milima unabaki bila kitu cha kuushika, na mvua inaubeba kuelekea mabondeni na ziwani.

Katika nyumba nyingi, moto wa makala yenyewe huwashwa kwa kipande cha sashe. Moshi wake mweusi wenye sumu unavutwa kwanza na mama aliyeinama juu ya jiko, kisha na mtoto aliye mgongoni mwake.

Sashe, mtaro, ziwa, bwawa, giza, makala, msitu, mmomonyoko: hiyo ndiyo ekosistemu ya Bukavu. Mwanafunzi anaishi ndani yake kila siku, lakini anaulizwa kuieleza kama kitu cha mbali.

Ziwa refu, uhai wa juu tu

Wapo wanaosema ziwa ni kubwa, litameza kila kitu. Sayansi ya Ziwa Kivu inasema kinyume. Kina chake kinakaribia meta 480, lakini sehemu kubwa ya maji hayo haina oksijeni. Chini kuna gesi ya methani na gesi ya kaboni, zilizoyeyuka ndani ya maji na kushikiliwa na uzito wa maji ya juu. Samaki hawaishi huko. Uhai wote unategemea tabaka la juu, meta 60 hivi, na wakati mwingine pungufu ya hapo.

Sambaza zinazouzwa sokoni zinatoka kwenye tabaka hilo jembamba. Samaki hao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wavuvi wanaotoka na taa usiku wanalisha familia zao kwa ajili yao. Plastiki inayoelea, maji machafu ya vyoo na mafuta ya magari vinaingia katika tabaka hilohilo. Wakaaji wa kando wanaochota maji ya ziwa kwa kunywa na kuosha vyombo wanajua gharama yake, maana kipindupindu hakijawahi kuhama Kivu Kusini.

Kinachopita bwawani nacho hakipotei. Ruzizi inateremka hadi Ziwa Tanganyika, karibu na Uvira. Tanganyika inatoa maji yake kwa mto Lukuga pale Kalemie, na Lukuga inaingia Lualaba, yaani mto Kongo, unaofika baharini. Mtaro wa Kadutu na bahari ya Atlantiki ni maji mamoja. Hesabu hiyo ingefaa kuchorwa kwenye kila ukuta wa shule.

Anayekosa pubeli hawezi kupita mtihani

Sheria haikosekani. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na kinamwekea wajibu wa kuyalinda. Sheria ya Julai 2011 imeweka misingi ya kulinda mazingira. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki. Kenya ilikuwa imekataza mifuko hiyo miezi michache kabla, Rwanda tangu 2008, na Tanzania ikafuata 2019.

Ila mnunuzi anayeingia leo soko la Kadutu anapewa unga, chumvi na sukari ndani ya sashe. Sashe haioti shambani. Kuna anayeileta kwa mzigo mkubwa, kuna forodha inapopita, kuna ghala inapolala. Kumnyang'anya mama muuzaji sashe zake kumi na kumwacha mwenye ghala ni kufundisha raia kwamba sheria ni ya wadogo.

Kuhusu taka za nyumbani, hali ni hiyohiyo. Mwenye uwezo analipa vijana wanaopita kuzichukua. Asiye na uwezo anangoja mvua inyeshe, anamwaga bondeni. Gari haliwezi kupanda avenyu nyingi za Bagira, Kadutu au Panzi, kwa kuwa ni vijia vya miguu kati ya nyumba zilizobanana. Mji uliopangwa kwa wakaaji wachache wakati wa ukoloni sasa inakadiriwa una zaidi ya watu milioni moja. Kumwambia mtoto asitupe taka ovyo bila kumwonyesha pa kuzitupa ni kumfundisha unafiki: atajua jibu la mwalimu, na atafuata njia ya mtaa.

Kwa hiyo elimu ya mazingira haiwezi kuwa kisingizio cha wakubwa wa mji. Kila inapotajwa peke yake, bila pubeli, bila ratiba ya kuchukua taka na bila jalala linalojulikana, inamtupia raia lawama ya kazi ambayo si yake yote.

Darasa lianzie kwenye mtaro wa shule

Mwaka 1977, nchi nyingi za dunia zilikutana Tbilisi, katika mkutano wa UNESCO na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Zilikubaliana kwamba elimu ya mazingira ina malengo matano: kumfumbua mtu macho, kumpa maarifa, kumjenga moyo wa kujali, kumpa ufundi wa kutatua shida, na kumfanya ashiriki. Katika shule nyingi za Kivu, somo linakomea kwenye la pili. Mtihani unauliza maarifa, basi.

Kumalizia hayo mengine hakuhitaji maabara. Wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kufuata mtaro wa shule yao hadi unapoishia, wakachora ramani yake, na kuhesabu sashe na chupa walizozikuta kabla ya mvua na baada ya mvua. Wanaweza kutenga taka za shule kwa wiki moja. Watagundua kwamba sehemu kubwa ni maganda ya ndizi, ya mihogo na mabaki ya sombe, vitu vinavyogeuka mbolea na kulisha bustani. Kinachobaki, yaani plastiki, ni kidogo kuliko walivyodhani na kinaweza kukusanywa. Hayo yafanywe kwa Kiswahili kwanza, lugha ambayo mtoto atamwelezea mama yake nyumbani, kisha kwa Kifaransa cha mtihani.

Walimu watasema, na ni haki yao, kwamba tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019 madarasa yamejaa na mshahara haujulikani siku yake. Kuwaongezea kozi mpya kungekuwa kuwaongezea mzigo. Ila hapa hakuna kozi mpya. Hesabu ipo, sayansi ipo, elimu ya uraia ipo. Kinachobadilika ni mfano: badala ya mto wa kitabuni, Kahwa. Badala ya msitu usio na jina, Kahuzi-Biega.

Wengine watauliza nani ana nafasi ya kufikiri kuhusu sashe wakati mji uko mikononi mwa AFC/M23 tangu Februari 2025, na familia nyingi zinatafuta tu chakula cha leo. Swali ni zito. Lakini giza halimwongezei aliye vitani usalama, na kipindupindu hakiulizi nani anatawala. Hospitali, mashine ya kusaga na friji ya mwenye kuuza samaki vinangoja umeme uleule. Kusafisha mtaro wa avenyu ni mojawapo ya mambo machache ambayo majirani wanaweza kuyafanya bila kungoja amani isainiwe. Wazee wanakumbuka salongo ya Jumamosi. Ilichukiwa kwa sababu ililazimishwa, ila mitaro ilipitisha maji.

Shule ikifanya sehemu yake, mji nao ufanye yake: sehemu za kukusanyia taka zinazofikika kwa miguu katika kila kata, vijana wanaolipwa kuzishusha hadi barabarani, wavu wa kukamata taka kwenye mdomo wa Kahwa kabla hazijaingia ziwani, na amri ya 2017 itekelezwe kuanzia kwenye ghala na forodha.

Siku mwanafunzi wa Kadutu atakapoulizwa ekosistemu ni nini, akasimama na kueleza safari kutoka mtaro wa shule yake hadi taa ya nyumbani kwao, mwalimu ampe pointi zote. Na wakubwa wajiandae, kwa sababu swali litakalofuata litakuwa lake yeye: taka za kwetu zinachukuliwa siku gani, na nani?