Neno safi lililotukatia resori

Katika kitivo chetu tunapenda kuwacheka mafundi wa magari wa Nyawera kwa Kiswahili chao: majante, resori, tiyo, vola. Mwenzetu mmoja aliwahi kuleta orodha ya maneno hayo darasani kama ushahidi kwamba lugha inaoza. Mimi naona tumemshika asiye mwizi. Gereji ilipotuponza, neno lenyewe lilikuwa Kiswahili kitupu: kushusha.

Yaya wangu alinunua Toyota Starlet Glanza yenye turbo, toleo la miaka ya 1996 hadi 1999. Injini ni ndogo, sentimita za ujazo 1331, lakini ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 135. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na gari la kawaida hupanda milima yetu likihema. Turbo huisukumia injini hewa inayokosekana. Nilielewa kwa nini aliipenda. Akaweka majante mapana, akapaka rangi ya machungwa, akaandika jina la bibi yetu kwenye kioo cha nyuma. Hapo sina ugomvi naye. Bibi mwenyewe alifurahi kuliko alivyokubali kusema.

Kisha akasema, "Fundi, unishushie kidogo." Nilikuwapo. Fundi akachukua msumeno, akakata mizunguko ya resori.

Tunashusha mtoto mgongoni, tunashusha mzigo kwenye lori, na kilichoshushwa hubaki kizima. Resori iliyokatwa haibaki nzima. Inakuwa ngumu, nafasi yake ya kucheza inapungua, na gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka mahali pake. Mvua za Novemba zilipofukua barabara, tulikuwa tunateremka kuelekea sokoni, mama mdogo akiwa nyuma. Jiwe likapasua chini ya injini, mafuta yakamwagika yote. Tulikuwa tunakwenda polepole, bahati yetu. Mama mdogo alishuka kimya, akabeba kapu lake, akaenda kwa miguu. Yaya hajamwomba radhi mpaka leo.

Nadhani angelazimika kutamka "unikatie resori", angeuliza kwanza: zitakatwa kiasi gani? Zitashika? "Kushusha" kulimwondolea maswali hayo. "Resori", neno la Kifaransa tunalolidharau, lilitaja kitu chenyewe bila kuficha.

Na kilichohitaji kubadilishwa kweli hakikuguswa. Glanza iliundwa kwa barabara za Japani, ambako huendeshwa kushoto, kwa hiyo mwanga wa chini wa taa zake hunyanyuka upande wa kushoto ili kumulika kando ya njia. Sisi tunaendesha kulia. Kushoto kwetu ndiko anakotokea motari na abiria wake, na mwanga huo unamwingia machoni. Vijana hulipia rangi na mngurumo. Taa haziwapi sifa mchana.

Gari sasa liko uani juu ya mawe, likisubiri resori nzima. Yaya amekubali kubadilisha na taa, ila hajui amwambie fundi nini kwa neno moja. Nimempa "kuhamishia mwanga kulia". Ni refu mno kwa gereji. Wenzangu wa somo la istilahi, mwenye kitenzi bora alilete kabla resori hazijafika.